Laptopu ya Mwalimu Iliyokataliwa: Namna Ninavyozipandisha Mashine Kuukuu kwenda Windows 11

Mwalimu alifika Jumamosi asubuhi kabla sijamaliza kufagia kibaraza. Anafundisha sekondari upande wa Chamwino, na laptopu yake alikuwa kaiviringishia khanga ndani ya begi la mgongoni ili vumbi la njiani lisiipate. "Mbukwenyi," akasema, salamu ya Kigogo. Mimi ni Mnyaturu wa Singida, lakini ukikaa Dodoma miaka kumi na moja unajua kuitikia. Tukasalimiana hadi tukamaliza, ndipo akatoa lililomleta: "Dada, mashine inaniambia haifai tena. Na nimeinunua juzi tu, haina hata miaka mitatu."

Miaka mitatu mikononi mwake, sawa. Lakini hiyo ni HP EliteBook 840 G3, mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 2016. Hizi zilifanya kazi kwanza kwenye maofisi ya watu huko Ulaya, zikapakiwa kwenye makontena, zikashuka Kariakoo, na kutoka Kariakoo zikapanda basi kuja kwetu. Yake hata kibodi ilikuwa ya Kijerumani: Z imekaa mahali pa Y, na kuna herufi zenye vinukta juu ambazo mwalimu wa Jiografia hana kazi nazo.

Nina steshenari ndogo hapa Nkuhungu. Fotokopi, kuchapa barua, kutoa matokeo ya watoto, na kupiga Windows, yaani kuisakinisha kwenye kompyuta za watu. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 bure, hiyo kazi ya mwisho imeongezeka. Watu wanaona ujumbe kwenye skrini, wanadhani kompyuta itazimika. Haizimiki. Inachokosa ni masasisho ya usalama, yaani mwizi akigundua dirisha bovu, hakuna fundi atakayekuja kuliziba. Kuna mlango wa muda ambao Microsoft iliuweka kwa watumiaji wa nyumbani, wa kuendelea kupata masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ama kwa kuunganisha akaunti yao ya Microsoft, ama kwa kulipa dola 30. Kwa mtu asiye na haraka, hilo nalo ni jibu. Mwalimu hakulitaka. Alitaka jambo liishe.

Basi nitaeleza nilichomfanyia, kwa mpangilio nilioufuata, pamoja na nilipowahi kukosea kwa mashine za watu wengine.

Kwanza jua umekataliwa kwa lipi

Windows 11 inataka prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanza kizazi cha 8 na kwa AMD huanza Ryzen za 2000. Inataka RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, diski ya GB 64, uwezo wa Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizoaminika wakati mashine inawaka), na TPM 2.0, ambayo ni chipu ndogo ya kutunza funguo za siri za mashine. Ujumbe unaposema "haifai", hausemi hivyo kwa sababu mashine haina nguvu. Mara nyingi ni kitu kimoja tu katika hivyo.

Kizazi cha prosesa husomwa kwenye namba yake, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapotupiga chenga. Wanasema "Core i5" kana kwamba i5 zote ni ndugu wa tumbo moja. Angalia namba baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, i7-10510U ni cha 10. Ukitaka kuiona, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha Enter. Hapohapo soma mstari wa "BIOS Mode" (BIOS ni programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows): umeandikwa UEFI, ule mtindo mpya, au Legacy, wa zamani? Na "Secure Boot State" inasemaje? Ukimaliza, rudia tena Windows na R, andika `tpm.msc`, uone kama TPM ipo na ni toleo gani.

Ya mwalimu ilikuwa UEFI, TPM 2.0 ipo, RAM GB 8. Kosa lake ni kizazi cha 6 tu. Mashine ya namna hiyo naipandisha bila wasiwasi. Kuna wengine ambao TPM ipo ila imezimwa ndani ya BIOS. Hao hata si wakosefu, ni wa kuwashiwa tu. Kwenye HP unaingia kwa F10 wakati mashine inawaka, kwenye Dell kwa F2, kwenye Lenovo nyingi za ThinkPad kwa F1. Zikija kutoka maofisi ya nje, baadhi huwa na nywila ya BIOS iliyoachwa na mwenye ofisi. Ukikutana nayo, rudi kwa aliyekuuzia. Usimruhusu mtu aanze kuichomachoma bodi kwa pini eti anaifuta.

Zipo ambazo sizigusi kwa Windows 11. Core 2 Duo, kwa mfano. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inahitaji amri fulani ndani ya prosesa, ya POPCNT, ambayo Core 2 Duo haikuumbwa nayo. Hapo hakuna ujanja wa flashi, huu nitakaoueleza mbele, utakaosaidia, mashine haitawaka. Nimewahi kuletewa moja na kijana aliyekuwa amehangaika nayo siku mbili. Nikamwambia: mdogo wangu, unamdai maziwa beberu.

Na jambo moja nilimweleza mwalimu kabla hajaacha mashine, nikamtaka aseme amesikia. Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine iliyopandishwa nje ya orodha itapata masasisho. Kwa nilizozifanya, ya kila mwezi yanaingia kama kawaida. Lile toleo kubwa la kila mwaka ndilo haliji lenyewe. Inabidi urudie kazi ya flashi. Akasema amesikia, na kwamba mwaka ujao atarudi na mbuzi. Namngoja.

Nakala, na habari ya faili la KB 2

Hapa nitakaa kidogo.

Miaka kadhaa nyuma kijana wa chuo aliniletea laptopu iliyojaa virusi, niifute na kuipiga Windows upya. Nikamuuliza kama ana nakala ya kazi zake. Akajibu, "Mama, ripoti yangu ya utafiti iko kwenye flashi, nimeshahamisha yote." Nikaichomeka flashi yake, nikaona folda limeandikwa jina la utafiti wake, nikaridhika. Nikafomati. Jioni akarudi, akafungua lile folda, na halikufunguka. Lilikuwa njia ya mkato. KB 2. Virusi vile vya flashi, ambavyo kila mwenye steshenari anavijua, vilikuwa vimemtengenezea picha ya folda. Naye akainakili picha, na mimi nikaifuta nyumba yenyewe. Zilikuwa zimebaki wiki tatu awasilishe. Baadhi tuliipata kwenye barua pepe alizomtumia msimamizi wake, sura mbili za mwanzo. Nyingine aliandika upya mezani kwangu, usiku, nami namchapia bila malipo. Hajawahi kunilaumu kwa mdomo.

Tangu siku hiyo siulizi "una nakala?" Ninahamisha mwenyewe, kisha nafungua faili tatu au nne kwenye kompyuta nyingine. Kubwa moja, la zamani moja, la jana moja. Lisipofunguka, kazi haianzi. Naangalia pia ukubwa: folda kwenye laptopu ni GB 14, kwenye diski ya nje nayo iwe GB 14. Kama flashi ina njia za mkato tupu, usikate tamaa haraka, mara nyingi mafaili yamefichwa tu. Fungua kidirisha cha amri (Command Prompt), andika `attrib -h -r -s /s /d F:\*.*` ukiweka herufi ya flashi yako badala ya F, uone kama yatatokea.

Watu husahau nini? Vilivyo juu ya skrini, kwa sababu wanadhani "desktop" si mahali pa kuhifadhi. Folda la Downloads. Nywila zilizo ndani ya kivinjari. Picha za simu walizozihamisha zamani. Kwa walimu, jedwali la alama za wanafunzi, ambalo huwa limekaa peke yake kwenye diski D na hakuna anayelikumbuka mpaka mwisho wa muhula.

Kisha uhalali wa Windows yenyewe. Kwenye kidirisha cha amri andika `slmgr /xpr`. Ikisema imehalalishwa moja kwa moja, na ni halali kweli, ukipanda kwenda Windows 11 ya aina ileile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajitambua yenyewe ikipata intaneti. Laptopu hizi za maofisi nyingi zina ufunguo wa Pro ndani ya BIOS toka kiwandani. Ajabu ni kwamba nazikuta zimewekewa programu za kuchakachua wakati halali yake anayo tumboni. Ziondoe. Huwezi kusema unapandisha mashine kwa ajili ya usalama huku umemwachia mwizi ufunguo wa mlango wa nyuma.

Mwili wa mashine

Dodoma ina upepo, na kuanzia Juni hadi mvua zianze una vumbi. Nilipofungua kifuniko cha chini cha ile HP, feni ilikuwa imevaa sweta. Chomoa betri kwanza, ishike feni kwa kidole isizunguke, safisha kwa brashi laini ya rangi na kipulizio cha mkono. Sipulizi kwa mdomo. Mate na vumbi vikikutana vinakuwa udongo wa kufinyangia. Baada ya miaka yote hiyo, ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa nayo imekauka, naifuta na kupaka mpya, kiasi cha punje ya choroko.

Mwalimu alikuwa bado na "hadi diski" (hard disk), ile diski ya zamani ya kuzunguka. Nikamwambia waziwazi kwamba kama fedha yake inatosha kitu kimoja, basi anunue SSD, diski ya kasi isiyozunguka, hata Windows 11 aiache kwa sasa. Windows 11 juu ya hadi diski inatembea kama mtu aliyebeba gunia la mtama kupanda mlima. Alikubali. SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 256, inaingia palepale ilipotoka ya zamani. Nikahamisha diski nzima kwa programu ya kunakili, na ile ya zamani nikaifunga kwenye bahasha, nikaiandika jina na tarehe, nikamwambia aiweke kabatini mwezi mzima asiiguse. Hiyo ndiyo nakala bora kuliko zote: mashine yake yote kama ilivyokuwa siku ile.

Betri. Andika `powercfg /batteryreport` uone inashika kiasi gani ukilinganisha na ilipokuwa mpya. Ya mwalimu ilikuwa inakaa dakika 20. Kupandisha kunaweza kuchukua saa nzima na zaidi, na umeme ukikatika katikati, dakika 20 hazitoshi hata kusema sala. Mimi nina UPS ndogo ya dukani, kile kisanduku cha umeme wa akiba. Kama huna, fanya kazi hii siku ambayo betri imejaa na huna ratiba ya kukatiwa, na kama betri imekufa kabisa, azima mashine ya mwenzio ya umeme wa akiba. Angalia na tarehe ya kompyuta pia. Kila ukiwasha ikirudi miaka ya nyuma, kile kibetri cha duara cha kwenye bodi kimeisha, na tovuti zitakukatalia kwa sababu zinaona umetoka zama nyingine.

Kushusha bila kumaliza bando

Faili la ISO la Windows 11, yaani faili moja lenye Windows nzima ya kusakinisha, lina zaidi ya GB 5, na matoleo ya karibuni ni makubwa zaidi. Lishushe kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, kwenye ukurasa wa kupakua Windows 11, sehemu ya ISO ya x64. Si kwenye kundi la Telegram, wala kwa jamaa anayekurushia kwa flashi akisema "hii imeshaboreshwa". Kiungo unachopewa kina uhai wa saa 24 tu. Nikishusha kwa simu naanza usiku, wakati mtandao umetulia, na siifungi laptopu.

Likishuka, lipime. Ukurasa wa Microsoft una orodha ya alama za kuthibitisha faili. Kwenye kompyuta yako andika `certutil -hashfile`, kisha jina la faili, kisha `SHA256`, ulinganishe herufi kwa herufi, au walau zile za mwanzo na za mwisho. Faili lililokatika njiani linaweza kukupeleka hadi asilimia 60 ya kazi ndipo likuumbue.

Sasa lugha. Hili liliniunguza GB 5 mara ya kwanza. Kuna Kiingereza cha Marekani na Kiingereza cha "International", na mtu mwenye akili zake anaweza kudhani ni kimoja. Kwa Windows si kimoja. Kama mashine ina cha Marekani na wewe umeshusha kile kingine, sehemu ya kubakiza programu zako itafifia, huwezi kuichagua. Hivyo kabla ya kushusha, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika `dism /online /get-intl`, usome lugha ya mfumo. "en-US" ni cha Marekani, "en-GB" ni International. Shusha kilekile.

Flashi

Tafuta flashi ya GB 16 isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa yote. Shusha programu inayoitwa Rufus, ya kuiandika ISO kwenye flashi, kutoka rufus.ie. Ni ndogo, haifiki hata MB 5, na haihitaji kusakinishwa. Hakikisha ni toleo la karibuni, kuanzia 4.6 na kuendelea, maana ndilo lililoanza kukwepa vizuizi vya 24H2 hata unapopandisha ukiwa ndani ya Windows 10.

Ifungue, chagua flashi yako, chagua ISO, acha mgawanyo wa diski kuwa GPT na UEFI kama mashine yako ilisoma UEFI. Bonyeza "Start". Kitatokea kidirisha chenye visanduku kadhaa. Cha kwanza, kinachosema kuondoa sharti la RAM ya GB 4, Secure Boot na TPM 2.0, kitie alama. Kinachoondoa ulazima wa akaunti ya Microsoft nakitia alama pia, hasa kwa mashine nitakayoisakinisha upya, kwa sababu wateja wangu wengi barua pepe zao walifunguliwa na mtu mwingine na nywila hawaikumbuki. Kisha ngoja. Flashi hizi za bei ya chini zinaandika polepole. Nenda kachape barua ya mtu.

Kuna njia nyingine isiyo na Rufus, kwa mashine yenye TPM walau 1.2 ambayo shida yake ni prosesa tu. Microsoft wenyewe waliwahi kuitangaza. Unafungua `regedit`, daftari la mipangilio ya ndani ya Windows, unakwenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\Setup\MoSetup, unatengeneza DWORD inayoitwa AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU na kuipa thamani 1. Folda la MoSetup lisipokuwepo, unalitengeneza. Halafu unafungua ISO na kuendesha `setup.exe`. Ni safi, lakini kosa la herufi moja kwenye jina refu hivyo halisamehewi, na kwa mtu asiyezoea regedit sipendi kumtuma huko.

Siku yenyewe

Hakikisha diski C ina nafasi. Mimi nataka GB 30 tupu. Toa antivirus ya pembeni kama ipo. Chomoa printa, kadi za kumbukumbu, na flashi nyingine zote. Kama BitLocker, kufuli ya Windows ya kufungia diski nzima, imewashwa, isimamishe kwanza na ufunguo wake wa kufungulia uuandike kwenye karatasi, si ndani ya laptopu ileile.

Kisha, ukiwa ndani ya Windows 10 yako kama kawaida, fungua flashi na ubofye `setup.exe`. Hukubuti, yaani huiwashi mashine, kutoka kwenye flashi. Wengi wanakosea hapa: wanazima, wanabuti kwa flashi, wanaishia kwenye usakinishaji mpya unaofuta kila kitu, halafu wanashangaa programu zimekwenda wapi.

Kwenye ukurasa wa kwanza kuna maandishi madogo ya kubadili namna Setup inavyoshusha masasisho. Yabonyeze, chagua "Not right now". Bando lako litakushukuru. Masasisho utayachukua baadaye kwa wakati wako. Endelea mpaka inapokuuliza ubakize nini. Chagua "Keep personal files and apps". Ikiwa imefifia, simama hapohapo. Usiseme "tutaona mbele". Lugha au aina haijalingana, rudi nyuma.

Bonyeza "Install", halafu mikono mfukoni. Itazima na kuwaka mara kadhaa. Itafika asilimia fulani igande, na kila mtu wa dukani atakuambia imekufa. Tazama taa ndogo ya diski: ikipepesa, inafanya kazi. Ya mwalimu, kwa sababu ya SSD, ilimaliza kabla ya adhana ya adhuhuri. Niliwahi kuifanya moja yenye hadi diski, nikafunga duka jioni ikiwa bado inaendelea.

Baada ya kuwaka

Andika `winver` uone toleo. Kwenye Settings angalia uhalali. Fungua Device Manager utafute alama ya njano. Kwenye hizi HP mara nyingine kisomaji cha alama ya kidole kinasumbua, na draiva ya Windows 10 kutoka tovuti ya HP kwa kawaida inakubali. Saa: Dodoma haimo kwenye orodha ya Windows, chagua Nairobi, UTC+03:00. Tumezoea.

Kwa mtu wa bando, fanya hili kabla hujamrudishia mashine. Nenda kwenye mtandao wa Wi-Fi aliounganishwa, ambao kwa kawaida ni simu yake, uwashe "Metered connection". Kisha kwenye Windows Update, sehemu ya Delivery Optimization, zima ile ya kugawana masasisho na kompyuta nyingine. Bila hivyo siku moja atafungua laptopu kujaza alama tu, na GB zake zote za wiki zitayeyuka kabla hajafika mwanafunzi wa kumi.

Una siku 10 za kujuta. Settings, System, Recovery, kisha "Go back", na Windows 10 inarudi kama ilivyokuwa. Zikipita, folda la Windows.old linafutwa na mlango umefungwa. Ukitaka muda zaidi, kwenye kidirisha cha amri cha msimamizi andika `dism /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60`, unapata siku 60. Mimi naiweka kila mara, hasa kwa walimu, kwa sababu wanaweza wasiifungue printa ya shule mpaka mitihani.

Na wale niliowakatalia? Kigango kimoja cha kanisa kilileta kompyuta ya mezani ya Core 2 Duo, RAM GB 4, ya kuchapia ratiba za misa na orodha za michango. Nikawawekea Linux Mint 22, ile ya Xfce, inayohudumiwa hadi 2029. Inakuja na LibreOffice ndani, haikuombi leseni, na ISO yake ni kama nusu ya ile ya Windows. Katibu alinuna siku ya kwanza kwa sababu hakuona Word. Nikamwonyesha kuhifadhi kwa muundo wa .docx, nikamwekea picha ya Writer mahali alipozoea kubofya. Ila kama ofisi yako ina programu ya mahesabu inayokwenda kwa Windows tu, usiiweke Mint halafu ukaanza kuhangaika. Uliza kwanza.

Mwalimu alichukua mashine yake saa tisa alasiri, akaifunga tena kwenye khanga. Jumatatu akanitumia ujumbe. Kila kitu safi, isipokuwa akiandika "Mzizi" inatoka "Myiyi". Nilikuwa nimebadilisha mpangilio wa kibodi kuwa wa Marekani nikampimia kwa kuandika jina langu, ambalo halina Z wala Y, nikaona sawa, nikasahau kwamba yeye anatazama vitufe na vitufe bado ni vya Kijerumani. Ukiwa na kibodi kama hiyo, una mawili: ama Settings, Time & language, Language & region, uongeze mpangilio wa Kijerumani ili kinachoandikwa kifanane na kilichochorwa, ama ubaki na wa Marekani na ununue stika za herufi ubandike. Akachagua stika. Zinauzwa karatasi nzima, nasi tulihitaji mbili tu, Z na Y. Zilizobaki ziko kwenye droo yangu.